Tone Moja na Chupa Nzima

Nkwenda, Kyerwa
9 Februari 2025

Munywani wangu Ndyamukama,

Salamu nyingi kutoka huku Nkwenda. Hujambo wewe, na mama watoto Joanitha, na watoto? Sisi tunaamka, tunakula, tunashukuru. Mvua imegoma na migomba ya Anatolia imekunja majani, ila mbuzi wake kazaa mapacha, kwa hiyo mke wangu hanuni sana. Mzee wako mpe shikamoo yangu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Simu yako inashikwa na nyumba nzima, na ninalotaka kukuambia si la kusomwa na mtoto anayetafuta katuni. Nimempa Pastory wa lori la ndizi akukabidhi mkononi.

Nimepimwa, nimekutwa na virusi vya homa ya ini, ile inayoitwa B. Usiruke. Si UKIMWI, ingawa hata mimi nilipoambiwa "una virusi" nilisikia hilo tu, nikatoka nje nikaegemea ukuta. Daktari akanifuata, akanirudisha kwenye kiti. Akaniambia virusi ni jina la ukoo mkubwa. Mafua ni virusi, surua ni virusi, tetekuwanga ni virusi, na kila kimoja kina tabia yake. Hivi vyangu vinakaa kwenye ini. Vinapita kwa damu, kwa kitanda cha mke na mume, na mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kumzaa. Havipiti kwenye sahani, wala kikombe, wala kushikana mikono.

Nimesema kwa damu, Ndyamukama. Najua unakumbuka siku tuliyochanjiana tukawa munywani, ndugu wa damu, nyuma ya kibanja cha migomba cha baba yako, wembe mmoja na punje mbili za kahawa. Nenda hospitali Kayanga ukapime. Anatolia na watoto wamepima, hawana, wameshaanza chanjo. Deodatus naye amepima, hana. Yeye ndiye aliyenisukuma niandike, maana amenisikia nikiahirisha tangu Desemba.

Munywani wako,
Rwegoshora


Kiruruma, Karagwe
16 Februari 2025

Munywani,

Salamu nimezipokea. Sisi wazima. Mtoto anakohoa kidogo; mzee hajambo, mgongo tu, na shikamoo yako kaiitikia kwa furaha. Joanitha angekusalimu kama angejua umeandika. Pole sana kwa ini.

Sasa nikuulize. Desemba? Deodatus anajua tangu Desemba, mimi najua Februari, tena kwa barua iliyosafiri chini ya mikungu ya ndizi! Huyo Deodatus ni nani yako? Muuza mabati aliyekuja Nkwenda kutoka Muleba na begi moja, akakukuta wewe fundi paa unayejulikana, akajipachika. Kila ninapokupigia yupo hapo kwako anakunywa chai. Nimekuwa nikinyamaza. Leo sinyamazi.

Na kwa nini apime? Umeandika mwenyewe: damu, kitanda, kuzaliwa. Hukumzaa. Kitanda sidhani. Imebaki damu. Kwa hiyo umechanjiana naye, Rwegoshora, ukaniweka mimi kama jembe la zamani nyuma ya mlango. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe umeacha.

Nikukumbushe, kama Mhaya huyo amekusahaulisha. Tulikuwa darasa la sita. Kaka yangu Ildefonsi alikuwa amezikwa wiki ileile, tumbo limemjaa maji, macho ya manjano, watu wakisema karogwa. Mimi mwenyewe nilikuwa naumwa, macho yangu nayo yamegeuka rangi, bibi ananinywesha majani machungu asubuhi na jioni. Ukaja kwa miguu kutoka Kihanga. Ukaniambia babu yako alikuwa na munywani wake na walizikana kama ndugu wa tumbo moja. Ukasema hakuna mtu anayetakiwa kubaki bila kaka. Wakati ule watu wazima walishaacha wembe kwa kuogopa UKIMWI, wanatafuna kahawa kavu tu na kuita undugu. Sisi tukaufanya wenyewe kama wa zamani. Ulinikata mimi kwanza kwa sababu ndiye mwenye msiba, kisha nikakukata wewe kwa wembe huohuo. Tunda moja la kahawa, punje mbili, kila mmoja akameza yenye damu ya mwenzake. Ulikunja uso mpaka nikacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu mazishi.

Deodatus alikuwa wapi siku hiyo? Kwao Muleba, anakula senene.

Nasubiri majibu. Wala sipimi chochote mpaka nijue.

Munywani wako, kama bado cheo hicho kipo,
Ndyamukama


Nkwenda
2 Machi 2025

Munywani wangu,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa hasira. Natumaini kikohozi cha mtoto kimeisha. Hapa mvua imeanza, tope mpaka magotini, lakini migomba imefunua majani.

Sikuchanjiana na Deodatus. Nitakueleza, na unaposoma kaa chini.

Mwaka juzi nilipoanguka kutoka kwenye paa, nilikuambia niliumia mguu. Sikukuambia kwamba bati lilinichana paja na damu ikamwagika kama maji ya bomba. Hospitali walitaka mtu wa kunitolea damu. Ya Anatolia haikulingana na yangu. Alikupigia, simu yako ilikuwa imezimwa, mlikuwa Bukoba na kwaya. Deodatus ndiye aliyenibeba, mikono yake ina mikwaruzo ya mabati, ndiyo maana naye alipima baadaye, na ndiye aliyelala pale akatoa chupa nzima. Kabla ya kuwekewa mgonjwa, damu hupimwa. Ya kwake ilikuwa safi, kwa hiyo usije ukasema Mhaya ndiye aliyenipa.

Novemba mkewe Joviana alijifungua kwa operesheni. Nikaona zamu yangu imefika, nikaenda kutoa. Siku chache baadaye wakaniita, wakasema damu yangu haifai kupewa mtu. Ndivyo nilivyojua. Ndiyo maana Deodatus alijua, kwa sababu damu ile ilikuwa ya kumwongezea mke wake.

Kabla ya hapo nilikuwa nachoka ovyo, nikinunua dukani zile kapsuli za rangi mbili. Daktari alinicheka kwa upole. Akasema zile ni antibiotiki, zinaua bakteria, virusi hata hazivigusi. Sasa nameza kidonge kimoja kila siku. Kazi yake ni kufubaza virusi. Hakivimalizi, ila vinazuiwa visizaliane. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: bado yupo, lakini mboga za jirani hazili. Kuna kipimo kinaitwa wingi wa virusi, cha kuona vilivyomo kwenye damu ni vingi kiasi gani. Vyangu vilikuwa vingi, vinashuka.

Ini limeshapata makovu kidogo, na daktari anasema ni ya miaka mingi. Nimevipata kwa mama, wakati wa kuzaliwa. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Kwa hiyo usitafute mchawi. Lakini kama ni vya tangu kuzaliwa, siku ya wembe nilikuwa navyo. Nakuomba upime.

Munywani wako yuleyule,
Rwegoshora


Kiruruma
10 Machi 2025

Rwegoshora,

Salamu. Wazima. Mtoto amepona.

Nimesoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, na bado niliinuka. Chupa nzima! Mimi nina tone moja, tone juu ya punje ya kahawa, ambalo nimejivunia maisha yangu yote. Nimewaambia watoto wangu kwamba kuna mtu Kyerwa ana damu ya baba yao. Kumbe mtu huyo amejazwa damu ya muuza mabati mpaka shingoni. Hilo tone langu limebaki wapi humo ndani? Limekaa kona gani?

Anatolia alipiga mara moja. Kwaya ina mwisho, simu huwashwa. Angepiga tena ningekuja hata kwa pikipiki isiyo na taa. Lakini mtu akishapata wa karibu, wa mbali wa nini? Ukadanganya kwamba ni mguu tu. Na mimi nikakutumia dawa ya kuchua!

Nasema wazi, wivu umenikaba, na sioni aibu. Kama ni kugawana ugonjwa, gawaneni nyie mliogawana chupa. Mimi nalima kahawa yangu, nakula, nalala, sina dalili yoyote. Sipimi.

Ndyamukama, mwenye tone


Nkwenda
20 Aprili 2025

Munywani,

Heri ya Pasaka. Natumaini mmeamka salama na kwaya imeimba vizuri. Anatolia amechinja mmoja wa wale mapacha, na kila mtu hapa anasema ningekukaribisha.

Tangu barua yako ni mwezi mzima na zaidi. Nimepiga, hupokei. Nikuambie ukweli: nguvu ya kupigana na wivu wako sina. Nguvu niliyo nayo ni ya kukuomba jambo moja.

Ini halilii, Ndyamukama. Jino hulia, sikio hulia, ini hunyamaza mpaka limeshaharibika. Kutokuwa na dalili si kutokuwa na ugonjwa. Mimi nilipanda mapaa miaka yote hiyo huku ini limeanza makovu. Una Joanitha, una watoto. Kama unavyo, wao wanaweza kuchanjwa wakakingwa, na wewe ukapewa dawa mapema. Ukikataa kwa kunikasirikia mimi, watakaolia ni wao.

Kama unataka niape, naapa: ukienda kupima sitamtaja Deodatus tena mpaka Krismasi.

Rwegoshora


Kiruruma
1 Juni 2025

Munywani wangu Rwegoshora,

Salamu nyingi, nyingi kabisa! Hujambo? Mama watoto Anatolia hajambo? Wale mbuzi, yule aliyebaki, hajambo? Sisi hapa wazima na kahawa imeanza kuiva, mikono yote ni myekundu.

Nimepima. Nilikaa na barua yako ya Pasaka hadi Joanitha akaikuta kwenye koti la kanisani. Aliisoma hadi mwisho. Asubuhi alinikuta nimeshavaa na yeye ameshavaa, watoto wamenawishwa, tukaenda Kayanga wote kama tunaenda ubatizo.

Sasa nikuambie jambo la aibu, usinicheke. Nilipokaa kwenye benchi nilikuwa naomba niwe navyo. Ndiyo. Mtu mzima, mwenye watoto, naomba kimoyomoyo nikutwe na virusi, ili Deodatus na chupa yake wakae kimya. Nilitaka kitu chako ambacho yeye hana.

Nesi anaitwa Prudensia, mtu mpole, ana sauti ya mwalimu wa chekechea. Akatuita. Joanitha hana, watoto hawana, wamechomwa chanjo ya kwanza. Akanigeukia, akasema na wewe pia huna virusi. Rwegoshora, nilikunja uso kama mtu aliyerudishiwa mahari. Prudensia akanishangaa, akauliza, "Baba, hujafurahi?" Ikabidi nimweleze habari za wembe na kahawa. Akasema basi tupime na kingamwili. Wakachukua damu nyingine ikapelekwa Mwanza.

Majibu yamerudi juzi. Ninazo! Prudensia alinieleza hivi. Kingamwili ni askari ambao mwili unawatengeneza kwa ajili ya adui mmoja maalumu. Adui akishindwa, wao hubaki kulinda. Maana yake mwili wangu ulikutana na virusi hivi zamani, ukapigana peke yake, ukavishinda. Siwezi kukuambukiza wewe wala mtu yeyote, wala sihitaji chanjo.

Nikamuuliza, na mtu aliyechanjwa si anazo pia? Akasema anazo, lakini vipimo vinaonyesha tofauti. Za chanjo ni za aliyefundishwa tu kumtambua adui. Zangu ni za aliyekutana naye. Nikasema asante, hilo ndilo nililokuwa nataka kusikia.

Kwa hiyo mwambie huyo ambaye umeapa kutomtaja. Yeye damu yake iliingia kwako, yako haijawahi kuingia kwake. Ya kwako ilifika kwangu, na alama ninayo, imeandikwa na maabara ya Mwanza. Prudensia alisema hakuna anayeweza kujua nilivipata kwa nani. Nilimwacha aseme. Mimi najua.

Munywani wako wa kwanza,
Ndyamukama


Nkwenda
8 Juni 2025

Munywani wangu wa kwanza,

Salamu kwa Joanitha, mwambie nimemheshimu maradufu. Barua yako imenifanya nicheke mpaka Anatolia akaja kuangalia. Nimemsomea yule nisiyemtaja. Ameinua mikono, amesema ameshindwa.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Huna virusi, watoto hawana, basi. Ndiyo, damu yangu ilifika. Umeshinda. Sasa chuma kahawa yako, na usiende kumuulizauliza mtu mambo haya. Yameisha.

Munywani wako,
Rwegoshora


Kiruruma
6 Julai 2025

Rwegoshora,

Natumaini mzima. Sisi wazima. Naandika nikiwa barazani, kahawa imeanikwa mbele yangu na sijaigeuza tangu asubuhi.

Sikumuuliza mtu. Nilikwenda Kihanga kutafuta magunia nikakutana na dada yako Kokubanza. Nikamsalimia, nikampa pole ya mama, nikasema natumaini mama naye ameanza vidonge. Akaniangalia. Akasema mama hana chochote. Alisema Desemba uliwapeleka wote kupima, mama na ninyi nyote mliozaliwa naye, na wote walikutwa safi, hawana virusi wala hizo kingamwili, na wamechanjwa. Mama yako yuko mzima, anapalilia maharage. Alinipa na salamu.

Kwa hiyo hukuvipata kwa mama.

Nimerudi njia nzima nikiyapanga, na yanapangika vibaya. Ildefonsi alikufa na tumbo limejaa maji na macho ya manjano. Mimi nilikuwa na macho ya manjano siku ile ulipokuja kutoka Kihanga. Tulinyolewa kwa wembe mmoja nyumba nzima, baba alikuwa anaunoa kwenye glasi. Na ulinikata mimi kwanza. Niliandika hayo kwa mkono wangu mwenyewe mwezi wa pili, nikijigamba! Nilikuandikia ushahidi, na wewe ukausoma, ukanijibu habari za mbuzi na kamba.

Damu yako haikufika kwangu. Yangu ndiyo iliyofika kwako. Mimi mwili wangu ulipigana ukashinda, wako ukabaki navyo, ukapanda navyo mapaa miaka yote. Makovu hayo ni ya tone langu. Na mimi nilikaa kwenye benchi la Kayanga nikiomba, kisha nikakuandikia kwa furaha!

Niambie kama ulijua. Wivu wote umenitoka, Rwegoshora, na nilichobaki nacho ni kibaya zaidi. Ingekuwa afadhali ungekuwa umechanjiana na Deodatus.

Ndyamukama


Nkwenda
10 Julai 2025

Ndyamukama,

Hujambo? Mimi sijambo, na hilo nataka ulisome mara mbili. Wingi wa virusi umeshuka mpaka kipimo cha mwisho hakikuviona. Bado vimo, nitaendelea na kidonge, lakini daktari anasema ini nalo linaweza kupumzika. Pastory anasubiri nje na lori linanguruma, kwa hiyo naandika haraka.

Prudensia alikuambia kweli: hakuna anayeweza kujua. Tulinyolewa wembe mmoja darasa zima, tulichanjwa chale na mganga yuleyule. Inawezekana ni wewe, inawezekana ni mwingine. Lakini sikudanganyi tena. Ndiyo, nilifikiria. Mama alipokutwa safi, kitu cha kwanza nilichoona ni macho yako ya siku ile.

Ulitaka kujua kwa nini Deodatus alijua kabla yako. Kwa Deodatus ilikuwa habari ya ugonjwa tu, unasema, anasema pole, mnakunywa chai. Kwako nilitafuta namna ya kukuambia upime bila wewe kuyapanga uliyoyapanga. Nilitafuta Desemba yote na Januari yote. Mwisho nikamwomba mama nimsingizie yeye. Akasema, "Nitaje tu mwanangu, mimi nimeshazeeka, yule bado ana watoto wa kulea." Usimchukie Kokubanza, hakujua.

Na ile siku nyuma ya kibanja, mimi ndiye niliyekuja na wembe. Ingekuwa leo, ningekubeba mgongoni mpaka hospitali kwanza. Kahawa tungetafuna baadaye, bila kukatana. Lakini tungetafuna.

Njoo Jumapili ya tarehe ishirini. Njoo na kahawa ya kwenu, ya huku imeungua. Yule nisiyemtaja atakuwepo, na paa tutakalokaa chini yake ni mabati yake, kwa hiyo vumilia. Kiti cha karibu yangu nimekwisha kumwambia si chake.

Kaka yako,
Rwegoshora